Kushuti filamu ya kijiweni kwa simu, ukiwa Kigoma

Maswali ni yale yale kila siku. Ninunue kamera gani? Nikikosa steringi mwenye jina itakuwaje? Sina gari, sina jumba la kifahari, sina bastola ya kuigizia, nitashuti nini? Mwongozo huu ni wako wewe unayeuliza hayo, uko Kigoma, una marafiki wawili watatu wasio na haraka, na unataka kutengeneza filamu yako ya kwanza ya kuchekesha: masela wanaoshinda kijiweni, mmoja wao kapigwa kibuti na bado hajapona.

Aina hii ya filamu inakufaa kwa sababu vitu inavyohitaji unavyo tayari: benchi, mdomo na muda. Ila ndiyo inayoharibika upesi kuliko nyingine zote. Watu wakikaa tu na kupiga stori, mtazamaji ataona bora akakae kwenye kijiwe chake mwenyewe, ambako angalau kuna kahawa. Dawa yake ni moja na nitairudia humu mpaka unichoke: filamu ya watu wasio na haraka inahitaji saa. Lazima kuwe na jambo litakalotokea leo, wao wawe tayari wasiwe tayari.

Lenga dakika 15 hadi 20. Usianze na filamu ya saa moja na nusu, hutaimaliza.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Simu moja inayorekodi video ya ubora wa 1080p vizuri. Ubora wa juu zaidi, 4K, huuhitaji, utakumalizia nafasi tu. Kwa simu nyingi, dakika moja ya 1080p inakula takriban MB 100 hadi 150, kwa hiyo saa moja ya picha ni kati ya GB 6 na 9. Futa video za harusi za watu kabla ya siku ya kushuti.
- Simu ya pili ya kurekodia sauti, hata kama kioo chake kimepasuka.
- Maiki ndogo ya waya, ile ya kubana kwenye kola. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua hii.
- Spika za masikioni, za waya.
- Stendi ya simu. Ukikosa, mfuko mdogo wa mchanga juu ya kiti unatosha.
- Pawabenki iliyojaa. Umeme ukikatika asubuhi ya kushuti hutakuwa na pa kulalamikia.
- Shuka jeupe, la kurudishia mwanga usoni.
- Daftari, na mtu mmoja asiyeigiza ambaye kazi yake ni kuandika na kupiga picha za mwendelezo, yaani kuhakikisha nguo na vitu vinabaki vile vile kila mkirudia sini.
- Hela ya chakula. Wana watakuigizia bure, hawatakuigizia na njaa.

Hatua ya 1: Chagua saa, halafu chagua kitu cha kushika mkononi

Kabla ya skripti, jaza sentensi hii: “Leo, kabla ya ______ , fulani anataka ______ .” Ukishindwa kuijaza, huna filamu, una kikao.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Beka aliachwa na Zuhura miaka miwili iliyopita. Zuhura alikwenda Dar. Leo anarudi kwa treni ya jioni, na habari ni kwamba anakuja kuposwa. Kwa Beka kuna sufuria ya mama yake Zuhura, aliyoazima enzi za mapenzi na hakuwahi kuirudisha. Anataka kuifikisha Katubuka kabla honi ya treni haijasikika, ili asionekane mtu aliyebaki na kitu cha watu. Kijiwe chao kiko Mwanga. Safari yenyewe si ndefu hata kidogo. Inawachukua kutwa nzima.

Angalia tulichopata. Honi ya treni ndiyo saa. Sufuria ndicho kitu. Na sufuria inachekesha yenyewe kabla mtu hajafungua mdomo: njiani itakaliwa, itapigwa kama ngoma, itavaliwa kichwani mvua ikianza, mtu atataka kuinunua, mwingine ataomba apikie dagaa “mara moja tu”. Kila sini inakuwa na la kufanya.

Tahadhari: usichague kitu chenye maana kubwa, kama pete au barua ya mapenzi. Pete inajitangaza. Sufuria inanyamaza, na mtazamaji anajaza mwenyewe.

Faida nyingine ya hadithi ya siku moja: kila mwigizaji anavaa nguo zile zile mwanzo mpaka mwisho. Umepunguza nusu ya makosa ya mwendelezo bila kutoa shilingi.

Hatua ya 2: Andika skripti, usitegemee “tutaongea tu”

Kosa hili ndilo namba moja. Wana wanachekesha kijiweni, basi dairekta anadhani akiwasha simu watachekesha vile vile. Hawachekeshi. Wanaangaliana, wanarudia neno moja mara tano, na mmoja anaanza kuigiza kama mchekeshaji wa kwenye runinga.

Andika. Ukurasa mmoja wenye maongezi huwa karibu dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa 15 hadi 20 zinatosha. Mfano wa ukubwa wa sini:

*KIJIWENI, MWANGA. ASUBUHI. Beka anaisugua sufuria kwa majivu. Chogo na Mandevu wanacheza drafti.*

*CHOGO: Hiyo sufuria umekaa nayo muda gani?*

*BEKA: Miaka miwili.*

*CHOGO: Na umeachwa lini?*

*BEKA: (anaendelea kusugua) Miaka miwili.*

*MANDEVU: (hainui macho, anasogeza kete) Wamekuchukulia mtu, umewachukulia sufuria. Ngoma droo.*

Hakuna aliyesema “bado nampenda”. Sufuria inayong’aa kuliko kitu kingine chochote pale kijiweni ndiyo inayosema. Pitia skripti yako na kalamu nyekundu, kila mahali mtu anapotangaza hisia zake kwa mdomo, futa, halafu mpe kazi ya mikono.

Ukishaandika, wasomee wana kwa sauti. Sentensi itakayowakwaza ulimi ibadilishe iwe vile wanavyoisema wao. Kama kwenu mnachanganya Kiswahili na Kiha, changanyeni. Ukimlazimisha mtu wa Kigoma aongee kama mtoto wa Kariakoo, utamsikia tu.

Hatua ya 3: Chagua watu

Unahitaji watatu wa kijiweni, na wasifanane. Mmoja ana tatizo. Mmoja ana ushauri, wote mbovu. Wa tatu anaongea mara chache, na akiongea ndiye anayevunja watu mbavu. Ukiwa na waongeaji watatu wanaofanana, ni kelele.

Mama Zuhura usimpe kijana aliyejifunga kanga. Kichekesho hicho kimechoka, na kitaua sini yako ya mwisho. Tafuta mama wa kweli wa mtaani mwenye sauti yake. Mweleze anachotakiwa kufanya, mpe heshima yake, mpe kiti, anza na sini zake ili arudi kwenye shughuli zake mapema.

Andikishana na kila mmoja karatasi fupi: anakubali kuonekana, amelipwa au hakulipwa, asaini. Aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi. Leo mnapendana, filamu ikianza kutazamwa mambo hubadilika.

Hatua ya 4: Mahali na ruhusa

Kushuti filamu Tanzania kuna sheria yake, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na vibali viko chini ya Bodi ya Filamu. Usianze kwa kubahatisha. Nenda kwa afisa utamaduni wa Manispaa ya Kigoma Ujiji na skripti yako mkononi, akueleze utaratibu wa sasa. Kisha mwone mwenyekiti wa mtaa, umjulishe siku na saa. Kuna watu wanaona hii ni usumbufu. Usumbufu ni kusimamishwa katikati ya sini huku jua linakwenda.

Bandarini, stesheni na sehemu zote za ulinzi usitoe simu bila ruhusa ya wenye mahali. Najua jengo la stesheni ni zuri mno kwenye picha, reli ilifika hapa mwaka 1914 na Wajerumani walijenga kweli kweli. Lakini hadithi yetu haihitaji treni ionekane. Inahitaji isikike. Honi unairekodi ukiwa mbali, mtaani.

Huo ndio ujanja wa kazi hii: ukosefu uingize kwenye hadithi. Kevin Smith, dairekta wa Marekani, alipotengeneza filamu yake *Clerks*, iliyotoka 1994, alikuwa anashuti usiku kwenye duka alilokuwa akifanya kazi mchana, huko New Jersey. Hadithi yenyewe ni ya mchana. Akaandika kwamba kuna mtu kabandika chingamu kwenye kufuli za shata la duka, ndiyo maana halifunguki na giza la nje halionekani, na tatizo la mwanga likaisha. Filamu nzima ilimgharimu dola 27,575. Kwa hiyo kama fundi baiskeli wa pale kijiweni hataki kuzima redio, mwandike: kila Beka akitaka kusema jambo la maana, jamaa anaongeza sauti.

Jambo moja kuhusu mandhari. Utashawishika kuiweka meli ya Liemba, mnara wa Livingstone kule Ujiji, na sokwe wa Gombe ukiweza kuwapata. Acha. Hutengenezi tangazo la utalii. Kijana aliyeachwa haendi kulilia makumbusho, anakaa kwenye tofali nyuma ya banda la chipsi.

Hatua ya 5: Panga ratiba kwa jua, upepo na mwezi

Miongozo mingi iliyoandikwa Dar itakwambia mwanga mzuri wa jioni unaanza saa 10 na nusu. Kigoma tuko magharibi kabisa ila tunatumia saa ile ile ya taifa, kwa hiyo jua letu limechelewa. Utosini linafika karibu saa 7 mchana, na linazama karibu saa 1 jioni. Panga hivi:

1. Asubuhi, saa 1 na nusu hadi saa 4: sini za nje za maongezi. Ziwa likiwa nyuma ya mwigizaji asubuhi linapendeza, maana jua linatoka upande wa nchi kavu na kumwangukia usoni.
2. Saa 5 hadi saa 9: usishuti sura za watu juani, macho yatakuwa mashimo meusi. Ingieni chini ya mwembe au ndani, au kuleni.
3. Saa 11 na nusu hadi saa 1 kasoro: sini za kuhuzunika, ufukweni, jua linapoelekea milima ya Kongo. Muda ni mfupi. Fanyeni mazoezi kabla, si wakati huo.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, mvua haikusumbui, ila upepo wa ziwani unaingia kwenye maiki na ukungu wa vumbi na moshi unaificha Kongo. Masika mawingu ni mazuri na hewa ni safi, ila unaweza kupoteza siku nzima, na mvua kwenye bati hakuna maiki inayoiweza.

Mwezi nao uuangalie. Wavuvi wa dagaa wanategemea taa, kwa hiyo wanakwenda ziwani siku za giza na kupumzika mbalamwezi ikikomaa. Ukitaka ile picha ya usiku ya taa zimejipanga ziwani kama mji mwingine, shuti siku za giza, na uhakikishe ziwa halijafungwa kwa uvuvi. Ukitaka vijana wa Kibirizi wakuigizie, wasubiri mbalamwezi. Ukitaka vyote viwili wiki moja, umepanga vibaya.

Kurasa tatu au nne kwa siku zinatosha kwa anayeanza.

Hatua ya 6: Iseti simu

1. Washa hali ya ndege. Kila mara. Sini nzuri kuliko zote ndiyo mjomba anayopigia simu.
2. Ilaze simu. Filamu ni ya mlalo.
3. Tumia kamera ya nyuma, futa lenzi kwa kitambaa safi. Jasho na mafuta ya kidole ndiyo yanayofanya picha iwe na ukungu, si ubovu wa simu.
4. Chagua fremu 25 kwa sekunde kama simu inaruhusu, na usibadilishe mpaka filamu iishe.
5. Ndani kwenye taa za umeme, weka shata ya kamera (muda inaopokea mwanga kwa kila picha) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukitumia fremu 30 na shata ya 1/60 taa nyingine zitakuchorea mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure na inakuruhusu kuchagua haya, ila haikubali kila simu. Nje juani usihangaike na 1/50, picha itaungua. Iache simu iamue.
6. Gusa uso wa mwigizaji kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Usipofunga, akipita mtu mwenye shati jeupe picha nzima inabadilika rangi.
7. Usivute picha kwa vidole. Sogea kwa miguu.

Hatua ya 7: Sauti

Watu watakusamehe picha ya giza. Maongezi yasiyosikika hawatakusamehe, hasa kwenye filamu ambayo kazi yake yote ni maongezi.

1. Chomeka maiki kwenye simu ya pili, ibane kifuani kwa anayeongea zaidi, au ifiche katikati ya watatu, chini ya meza ya drafti. Ifunge kitambaa chepesi kuzuia upepo.
2. Simu zote mbili zikisharekodi, piga makofi mara moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakalokusaidia kupatanisha picha na sauti baadaye.
3. Msikilizaji mmoja avae spika masikioni na asikilize jaribio kabla hamjaanza.
4. Mkimaliza sini, kila mtu anyamaze, rekodi sekunde 30 za pale mahali palivyo: kuku, bajaji za mbali, watoto. Utaziweka chini ya maongezi ili mikato isisikike.
5. Adhana ikianza, simamisheni, pumzikeni, kisha mrudie sini toka mwanzo. Ukishuti sentensi moja kabla na nyingine katikati ya adhana, hazitaungana kamwe.

Hatua ya 8: Shuti maongezi ya watu waliokaa

Hapa ndipo filamu ya kijiweni inapopona au kufa, kwa hiyo nenda taratibu.

1. Anza na picha pana: watatu wote, benchi, meza, sini nzima bila kukata. Hata wakikosea, waendelee.
2. Sogea. Shuti uso wa Beka, sini nzima tena. Kisha Chogo. Kisha Mandevu. Ndiyo, maongezi yale yale mara nne.
3. Rekodi wanaosikiliza pia. Kichekesho hakiko kwa anayesema. Kiko kwenye uso wa anayesikia. Mandevu akishasema “ngoma droo”, ile sekunde Beka anayoacha kusugua ndiyo watu watakayoichekea.
4. Malizia na mikono: majivu, sufuria, kete. Picha hizi zitakuokoa ukitaka kuficha mkato.
5. Baki upande mmoja. Waza mstari kutoka macho ya Beka hadi macho ya Chogo, simu isiuvuke. Ukiuvuka, wote wawili wataonekana wanaangalia upande mmoja, kana kwamba kuna mtu wa nne wanamsema.

Sasa drafti. Meza ya drafti ni mtego ambao karibu kila anayeanza ananasa. Kete 12 kwa 12, vizibo vya soda upande huu, vizibo vya bia upande ule. Mnashuti picha pana, wana wanacheza kweli, wanasahau kamera. Mnasogea kwa Beka, mchezo unaendelea. Mnafika kwa Mandevu, kete zimebaki tano, ana kingi mbili, vizibo vimepandana. Ukienda kuhariri, Chogo anauliza swali meza ikiwa imejaa, Mandevu anajibu meza ikiwa tupu, kisha imejaa tena. Watazamaji wa Kigoma wanajua drafti. Hawatacheka maongezi, watabishana nani kala kete ya nani.

Fanya hivi: panga kete katikati ya mchezo, mtu wa mwendelezo aipige picha meza kwa juu, na mchezo ugandishwe pale. Hoja moja tu inaruhusiwa, ile ya Mandevu iliyo kwenye skripti. Kila mkirudia sini, kete inarudi mahali pake kwa kutazama picha. Kahawa vilevile: vikombe vijazwe kiasi kile kile kila mkianza, au vianze vitupu kabisa.

Kuhusu uigizaji: mwambie kila mtu apunguze. Asikodoe macho, asipige kelele, asiigeukie kamera. Wana wakianza kucheka wenyewe katikati ya sini, hilo si dalili nzuri. Sini inachekesha wanapoichukulia sufuria kwa uzito kama kesi ya shamba.

Hatua ya 9: Mapenzi yaliyopotea

Usimwonyeshe Zuhura. Nasema kwa nguvu, kwa sababu nimeona filamu nyingi za vijana zikifia hapa: ghafla tunarudishwa nyuma, wawili wanakimbizana ufukweni, mwendo wa taratibu, kinanda. Mtazamaji aliyekuwa anacheka anaanza kupekua simu.

Tumia ujumbe wa sauti. Beka anao mmoja wa zamani, wa kawaida kabisa: Zuhura anamwambia apite sokoni achukue mawese na asisahau kurudisha sufuria ya mama. Auweke mara tatu katika filamu. Mara ya kwanza wana wanamcheka. Ya pili hakuna anayesema kitu. Ya tatu yuko peke yake, na anaukata kabla haujafika kwenye sufuria.

Mwisho wake uwe mdogo. Wanafika Katubuka, honi inalia wakiwa mlangoni. Mama anafungua.

*BEKA: Shikamoo mama.*

*MAMA ZUHURA: Marahaba. (anaipokea, anaigeuza, anaitazama chini) Na mfuniko?*

Kata. Usiongeze Zuhura anayetokea, usiongeze kukumbatiana.

Hatua ya 10: Hariri

Siku hiyo hiyo ya kushuti, nakili faili mahali pawili, kompyuta ya rafiki na memori kadi. Usihariri kutoka kwenye nakala pekee.

Ukiwa na simu tu, CapCut inatosha kuanzia. Ukipata kompyuta yenye nguvu, DaVinci Resolve ina toleo la bure linalofanya kazi yote. Utaratibu: patanisha kofi, panga sini nzima kwa kutumia picha pana peke yake, itazame, ndipo uanze kuingiza nyuso pale tu unapotaka kuona mtu anavyopokea neno. Baada ya kila kichekesho acha pumzi. Halafu ondoa sini moja nzima unayoipenda ambayo haiisogezi sufuria.

Usiweke milio ya katuni kila mtu akijikwaa.

Muziki: wimbo wa staa usiuguse. YouTube inautambua yenyewe, na mapato au video yenyewe itakwenda na maji. Mtafute kijana wa mtaani mwenye gitaa, mwandikishane. Kama wimbo umetengenezwa studio, pata ruhusa ya mwimbaji na ya prodyuza, wote wawili. Filamu yako nayo ikikamilika isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Hatua ya 11: Ionyeshe

Kabla ya kuitoa kwa umma, filamu inatakiwa kupita kwenye ukaguzi wa Bodi ya Filamu na kupangiwa daraja. Ukitaka kuendesha chaneli ya kudumu mtandaoni, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kanuni za maudhui. Wakati unasubiri, waalike watu wachache wasiokujua, si kijiwe chako. Wa kwenu watacheka hata mahali pasipochekesha kwa sababu wanamjua Chogo. Kaa nyuma, usiangalie filamu, angalia watu. Andika dakika ambayo simu za kwanza zinatoka mifukoni. Hapo ndipo pa kukata. Baadaye mwenye kibanda umiza anaweza kukupa nafasi kabla ya mechi kubwa, na hadhira ya namna hiyo hutaipata pengine.

Ukikwama

*Sauti inaanza sawa, kisha midomo inaachana na maneno.* Simu nyingi hazishiki fremu sawasawa, zinapanda na kushuka. Pitisha video kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadilisha video, chagua fremu zisizobadilika, kisha hariri. Au kata sini vipande vifupi na upatanishe kila kipande.

*Uso mweusi, nyuma kweupe.* Mwigizaji ana mwanga mgongoni. Mgeuze, au mtu asimame na shuka jeupe mbele yake nje ya picha. Usijaribu kuokoa kwa kuongeza mwanga kwenye kuhariri, utapata chenga.

*Watoto wamejaa kuangalia.* Usiwafukuze, watarudi na wenzao. Shutini sini ya uongo ya dakika tano, waone hakuna maajabu, wataondoka. Wawili watakaobaki waweke nyuma kwenye picha baada ya kumwomba mzazi wao ruhusa.

*Sini haichekeshi ukiitazama.* Mara nyingi ni ndefu mwanzoni. Kata salamu. Anza pale swali linapoulizwa.

*Sufuria imepotea katikati ya kazi.* Nunua mbili zinazofanana tangu mwanzo, na ya pili aitunze mtu wa mwendelezo, si mwigizaji.

*Mwigizaji kapata kibarua, kaondoka mji.* Kama ni mshauri mbovu, hujaharibikiwa: mwandike ampigie Beka simu akiwa safarini, aendelee kumshauri vibaya kwa sauti tu, na wewe umrekodi huko huko aliko kwa ujumbe wa sauti. Kama ni Beka mwenyewe, shuti mgongo wa mtu mwenye shati lile lile akitembea na sufuria kichwani, weka maongezi ya wenzake juu yake, na sini ya mlangoni msubiri arudi.